Kiti cha Wateja

Ratiba yangu ilikuwa nzuri, nisijipunje sifa. Niliichora kwa rula kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani pale mashineni: Jumatatu dona, katikati ya wiki sembe, Ijumaa muhogo na mtama. Jumanne asubuhi, kwa wino mwekundu: SEVISI. Beringi zipakwe grisi, mkanda ukazwe, nyundo zigeuzwe zisagie upande ambao haujalika. Masaa mawili tu, fundi alisema. Siku hiyohiyo nikanunua na ndoo ya grisi.

Jumanne ya kwanza akaja mama lishe na madebe sita. Nimwambie arudi kesho, watu wake wale nini? Jumanne ya pili wakaja wenye msiba, na msiba hauna ratiba. Ya tatu umeme ukakatika alfajiri mpaka magharibi. Mashine imelala doro, mteja hata wa dawa hakuna. Nikafunga, nikaenda kucheza bao. Kwamba grisi haihitaji umeme, wala sikuwaza.

Ya nne mashine ikaanza kulia kama paka aliyebanwa na mlango. Wateja wakauliza. Nikawaambia mahindi ya mwaka huu ni makavu sana, nikaongeza sauti ya redio.

Zikabaki siku mbili Ramadhani iingie. Foleni imefika barabarani, kila mtu na mchele wake wa vitumbua. Beringi ikapiga yowe, harufu ya mpira ikatanda, kisha paa! Mkanda ukakatika. Watu wakalala chini, masinia yakaruka, mchele wa familia tatu ukawa wa familia moja. Bibi mmoja tu hakutikisika pale alipokaa. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "ndiyo tayari?"

Fundi akaja, akafungua. Beringi imegeuka rangi ya bluu kwa moto. Spea mpaka iagizwe mjini, siku tatu.

"Ulipaka grisi lini?"

Nikaanza kuhesabu Jumanne kwa vidole.

"Basi grisi yenyewe ipo?"

"Ipo!" Tukaitafuta nyuma ya mota, chini ya viroba, mpaka juu ya kenchi. Fundi akasimama mbele ya ratiba, akaisoma yote, kisha akageuka na kuinama kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Naomba usimame kidogo."

"Marahaba." Akainuka taratibu. Kifuniko cha ndoo kilikuwa na lakiri yake, nzima kama ilivyotoka dukani.

"Mwezi mzima nakalia hii," bibi akasema. "Nikajua umetuwekea kiti."