Kabla ya alfabeti kulikuwa na makarani

Kuna wanaosema Wagiriki walianza kuandika karne ya 8 KK, walipochukua herufi za Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanoni ya leo. Hiyo ni alfabeti. Kuandika kwenyewe kulikuwepo miaka kama 600 nyuma, katika majumba ya kifalme ya Pylos, Mykene na Knossos huko Ugiriki, kwa mwandiko uitwao Linear B, ambao Mwingereza Michael Ventris aliufumbua mwaka 1952. Una alama 87 hivi za silabi, na Kigiriki hakikukaa vizuri humo: Knossos iliandikwa ko-no-so, s ya mwisho ikaachwa, r na l zikachangia alama zilezile. Msomaji akisie mwenyewe! Kwa karani anayehesabu kondoo, mafuta na magurudumu ya magari ya vita ilitosha. Kwa mashairi, wapi.

Vibao walivyoandikia makarani vilikuwa udongo ulioanikwa tu, haukuchomwa. Tunavyo leo kwa sababu majumba yaliungua (Pylos karibu 1200 KK) na moto ukavioka. Makarani wakatoweka na mwandiko wao. Wafoinike nao walikuwa na herufi 22, konsonanti tupu. Zile wasizozihitaji Wagiriki wakazigeuza irabu: alef ikawa A, ayin ikawa O.