Sichangii tena kifusi

Jumapili iliyopita mweka hazina wa mtaa alipita nyumba hadi nyumba na kaunta buku lake lenye jalada jekundu. Elfu ishirini kila nyumba, pesa ya kifusi cha kumwaga kwenye barabara yetu, masika hayo yanakuja. Nilimkaribisha barazani, nikampa chai, nikamwambia safari hii sitoi. Alinitazama kama aliyesikia vibaya, maana mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa nawasumbua watu usiku na mchana kwenye kundi letu la WhatsApp.

Mwaka jana tulichanga nyumba 43, tukapata 860,000. Tripu sita za kifusi, 110,000 kila tripu, na 200,000 iliyobaki wakalipwa vijana wa kusambaza. Nakumbuka lori la kwanza lilivyomwaga: vipande vya marumaru za bafuni, za rangi ya waridi, na nusu ya sinki la choo. Watoto wakagombania marumaru. Kwa wiki kadhaa bajaji zilifika mpaka kona ya msikiti, tukapongezana sana. Mvua kubwa ya tatu ikazoa udongo wote na kutuachia marumaru, ncha juu, kazi kwa waziba pancha.

Hilo ningelivumilia. Ninaloshindwa kulivumilia ni la Mama Zai, anayekaa upande wa chini. Alipohamia, ulikuwa unapanda ngazi mbili kuingia kwake. Leo unashuka moja. Miaka yote hii ya kumwaga kifusi barabara imekuwa ikipanda na nyumba yake ikizama, na maji yakikosa pa kwenda yanapiga hodi kwake. Na yeye elfu ishirini anatoa, tena huwa wa kwanza.

Barabara ya mtaa adui yake ni maji. Ukishayapa maji njia, yaani mtaro wenye mteremko na kalavati pale yanapokatiza, hata moramu ya kushindilia itakaa. Usipoyapa njia, mwaga hata lami, utaikuta bondeni. Watu wa Hananasifu pale Kinondoni walilijua hili miaka ya 1990, walipoboresha mtaa wao kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani: mitaro ilikuwa kiini cha kazi, na wakazi wenyewe walishika majembe na kulipwa. Hawakuanza na lori la vigae.

Najua jibu la majirani zangu, nimelisikia kila mkutano: kwa nini tuhangaike wakati serikali inatukata kwenye mafuta? Ni kweli inatukata. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, hizi zilizo chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, tangu ilipoanza kazi mwaka 2017. Lakini TARURA ina barabara zaidi ya kilomita 140,000 nchi nzima, nyingi zikiwa za udongo. Kwenye foleni ya namna hiyo, mtaa wenye kelele hauwezi kuushinda mtaa uliomo kwenye mpango.

Na sisi kelele zetu tunazipiga lini? Aprili, maji yakiwa magotini. Tunapiga video, tunamtumia diwani, tunamlaumu. Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi. Aprili hiyo Bunge limeshakaa Dodoma na vitabu vya bajeti vimeshachapwa. Ombi letu lilitakiwa liwe limeshatoka kwenye mkutano wa mtaa, na muhtasari wake umesainiwa, likapita kamati ya maendeleo ya kata, likafika juu kabla ya Krismasi. Yaani kipindi kile ambacho jua linawaka, vumbi limetulia na hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka kwamba kuna barabara. Mkutano wetu wa Novemba ulihudhuriwa na watu 11. Nilihesabu. Ajenda iliyochukua muda mrefu ilikuwa mbwa wa jirani.

Kwa hiyo nilimwambia mweka hazina: chukueni hata hiyo elfu ishirini yangu mara mbili, lakini tumtafute mtu wa kupima miinuko atuambie maji yaelekee wapi, atuchoree, tuambatanishe mchoro kwenye muhtasari. Zitakazobaki tuchimbe mtaro upande wa Mama Zai, kwa majembe yetu.

Akaniuliza mtaro utapita wapi. Swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu.

Tulichukua futi kamba tukatoka. Kwenye mdomo wa mtaa barabara ina mita sita na ushee. Kadiri unavyoingia ndani inabanwa: kibanda cha chipsi hapa, jukwaa la maua pale, tanki la maji, ukuta, ukuta, ukuta. Kwenye kona ya msikiti tulipata mita tatu na sentimita ishirini. Hapo greda halipiti, achilia mbali mtaro. Mradi wowote ukija utakuta kuna kubomoa na kulipana fidia, gharama itapanda, na mpanga mipango mwenye akili zake atausogeza chini ya orodha na kuchukua mtaa ulio wazi. Sisi tutasema tumeonewa.

Ukuta uliojitokeza kuliko wote kwenye ile kona, sentimita sitini nje ya jiwe la mpaka, ni wa kwangu. Niliujenga mwenyewe, nikasimama kumwelekeza fundi apitishe kamba wapi. Mweka hazina alishika ncha ya futi kamba bila kusema neno, akaandika kwenye kaunta buku.

Fundi yule yule nimempigia simu. Anakuja Jumamosi kutazama ni tofali ngapi zinaweza kuokolewa.