"Because of" peke yake haimtoshi mtu wa mlimani

Kuna ubishi umekuwa ukizunguka hapa Moshi kwa vijana wanaosomea kuongoza wageni mlimani, umefika mpaka kwenye vijiwe vya kahawa kule Majengo, kwamba mwalimu wao wa Kingereza anawaonea. Yaani kijana akitaka kusema "kwa sababu ya" anaandika "because of", kila mahali, mwanzo mpaka mwisho, na mwalimu anapitisha peni nyekundu, hapa anataka "from", hapa "with", hapa "out of", hapa "thanks to", na "due to" ameiwekea sheria yake peke yake. Vijana wanasema huo ni ukoloni tu, mgeni si ameelewa, tip si imetoka, sasa hizo "with" na "from" ni za nini? Nimewasikiliza wao na mwalimu nimemsikiliza, na naona mwalimu ndo hajaeleweka, ila nianze na haki ya vijana maana wanayo.

Kwenye "due to" wako sahihi kabisa. Mwalimu anasema "due to" lazima ije baada ya "is" au "was", the delay was due to rain, sawa, lakini usianze nayo sentensi, Due to rain we were late, hapo unakatwa maksi. Sheria hii hakuitunga yeye, Fowler wa Uingereza, aliyeandika kitabu cha matumizi ya Kingereza, mwaka 1926 aliwasema wanaoitumia hivyo kwamba ni watu wasiosoma, na walimu wengi wakaibeba kama ilivyo. Lakini wenye lugha hawakuifuata. Mwaka 1957 Malkia Elizabeth II alipofungua bunge la Kanada, kwenye hotuba aliyosoma kulikuwa na sentensi inayoanza "Due to inability to market their grain", wakulima wa nafaka hawajauza mazao, na dunia haikuanguka. Sasa kama imepita kwa malkia, kijana wa Rau unamkatia maksi ya nini? Hapo mwalimu aachie tu.

Na lugha yenyewe inatembea. Chama cha wataalamu wa lugha cha Marekani, American Dialect Society, kiliichagua "because" kuwa neno la mwaka 2013, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuiangusha "of" na kusema "because traffic", "because homework". Ukikaa Mbuyuni sokoni nusu saa utasikia hichohicho kwa Kiswahili, mama anamwambia mwenzie "jana sikuja, sababu mvua", na hakuna aliyemsahihisha. Hata hiyo "because" yenyewe ukiifungua ni "by cause", walivyokuwa wakisema zamani wakiiga Kifaransa, yaani ni "kwa sababu" yetu neno kwa neno. Kwa iyo kijana wa Kiswahili akiikimbilia "because of" hakosei njia, anaingia kwenye nyumba iliyojengwa kama ya kwao, na ndo maana inamkaa mdomoni kuliko zile nyingine zote.

Sasa shida inaanzia hapohapo.

Sisi "kwa" yetu inabeba mizigo mingi mno. Ametetemeka kwa baridi, amekimbia kwa woga, amefungwa kwa wizi, amelia kwa furaha, amekosea kwa uzembe, neno moja tu na hatuoni tatizo kwa sababu kinachofuata ndicho kinachotuambia ni sababu ya namna gani. Tena mara nyingine hatuhitaji hata hiyo "kwa", tunasema amekufa njaa, au tunaitia sababu ndani ya kitendo chenyewe, unalilia nini? Mwingereza hana hiyo "-lilia", kwa iyo kazi hiyo kaigawia vineno vidogo na kila kimoja kina shamba lake. Mgeni anatetemeka "with cold", maana baridi iko naye mwilini sasa hivi. Kachoka "from walking", maana kutembea kumeshapita na uchovu ndo kilichobaki. Mtu anakufa "of malaria", anapigwa faini "for speeding", anakosea "through carelessness". Ukiweka "because of" kwenye zote hizo utaeleweka, sibishi, ila wewe utakuwa umesema kwamba kuna sababu, hujasema ni sababu gani.

Chukua "out of". Hii mi ndo naipenda kuliko zote. Huwezi kusema "out of rain" ukimaanisha mvua ndo ilisababisha, Mwingereza atakuelewa kwamba umetoka kwenye mvua. "Out of" inataka kitu kilichoko moyoni mwa anayetenda, out of fear, out of pity, out of love, na inataka awe ametenda kwa hiari yake. Mpagazi aliyebeba begi la mwenzie aliyeumwa mguu kafanya "out of kindness". Ukisema "because of kindness" wema unakaa kando kama hali ya hewa, haumhusu mtu. Ukisema "out of" umemtazama yeye, umeona roho yake. Na wale wagumu wetu wanaopanda na mizigo ya watu mpaka kambi ya Barafu wanastahili kuonekana hivyo kwenye barua za kuwasifu.

Halafu kuna lawama, na hapa ndo naomba vijana wanisikilize vizuri. "Thanks to" imeshatoa shukrani, "because of" haijasema kitu, inamwachia msomaji aamue, na msomaji aliyechoka na aliyeumia mara nyingi ataamua kwamba kuna mtu kakosea.

Nawapa kilichomkuta dogo wangu, mtoto wa mamdogo, anafanya kazi mlimani. Alikuwa na wageni wawili, mama mtu mzima na binti yake. Usiku wa kupanda kutoka Barafu walienda vizuri, lakini kabla ya kufika Stella Point, ile ya ukingoni mwa kreta, mita 5,756, mama akaanza kuyumba kama mlevi, kikohozi kina maji ndani, dogo akammulika na tochi akaona midomo imebadilika rangi. Hakujadiliana na mtu. Kikohozi kile na midomo ile ni dalili ya maji kwenye mapafu na dawa yake ya kwanza ni kushuka, na kushuka sasa hivi, kilele cha mita 5,895 kitakuwepo kesho na keshokutwa. Binti akakataa kuendelea peke yake na msaidizi, wakashuka wote, mama akapona chini kabisa siku iliyofuata.

Kazi safi. Kisha akaandika ripoti, na kampuni ikawapa wageni nakala: "We did not reach the summit because of the mother", yaani hatukufika kileleni kwa sababu ya mama.

Yule mama aliisoma hotelini. Dogo alikuwa amekuja kuwaaga, anasema mama alikunja karatasi mara mbili, akamgeukia binti yake akamwambia samahani, nimekuharibia safari yako. Binti akamwangalia dogo kwa jicho ambalo dogo hakulielewa mpaka alipokuja kwangu jioni. Ananiuliza, "Kaka, mi nimewakosea nini? Si niliandika tulirudi kwa ajili ya mama?"

Ndivyo alivyowaza, kwa ajili ya mama. Na sisi "kwa ajili ya" tunaisema kwa vyote, nimechelewa kwa ajili ya mvua, nimekuja kwa ajili yako, ile inayoangalia nyuma kwenye kilichotokea na ile inayoangalia mbele kwa tunayemjali zinakaa kikombe kimoja na hakuna anayechanganyikiwa. Kingereza kimezitenganisha. "Because of her" inaangalia nyuma, yeye ndo chanzo. "For her", "for her sake", inaangalia mbele, yeye ndo tuliyemlinda. Uamuzi mzuri kuliko wote aliofanya dogo mwaka ule ulisomeka kama shtaka kwa mwanamke mgonjwa, na kosa la sarufi halikuwepo hata moja, mpe mwalimu yeyote ile sentensi, hataipatia alama nyekundu kwa sarufi.

Ndo maana nasema wanaosema mgeni ameelewa hawajamaliza hesabu. Mgeni alielewa. Alielewa kila neno, na alichoelewa sicho alichoambiwa na moyo wa aliyeandika. Kwa mtu anayeuza chenza stendi hilo halina uzito, "because of" imtoshe maisha yake yote na mimi nitakuwa wa kwanza kumtetea. Lakini huyu anaandika ripoti za watu kuumwa, ripoti zinazosomwa na familia, na siku mbaya ikifika zinasomwa na bima na mawakili, na hapo kati ya "through the guide's delay", kiongozi kachelewa, na "from altitude", urefu wa mlima, kuna kazi ya mtu na jina lake.

Mwalimu nilimwambia habari ya dogo. Hakufurahi kwamba kashinda, aliuliza mama anaendeleaje. Kuhusu "due to" bado tunabishana, anasema akiwaachia hiyo wataona na nyingine ni za kuachia, mi naona kinyume, kwamba kuikomalia ile isiyo na maana ndiko kunawafanya vijana wazidharau zile zenye maana.

Dogo aliomba kampuni imruhusu aandike upya. Walikaa na mwalimu pale nje ya darasa, sentensi moja dakika ishirini, ikaenda kwa mama kwa simu kabla hajapanda ndege: "We turned back for her safety, on my decision", tulirudi kwa usalama wake, kwa uamuzi wangu. Hiyo "on my decision" mwalimu hakumpa, aliiongeza mwenyewe.