Kabla hamjafungua pampu, fungueni kifuniko cha tanki

Kipande cha nailoni kiko hapa mezani, kimekauka na kujikunja kama ganda la kitunguu. Hakifiki kiganja cha mtoto. Kimemla baba yangu mdogo shilingi laki sita na nusu, siku tisa za Desemba, na ekari kumi na moja ambazo wenyewe walichoka kusubiri wakaita trekta la mtu mwingine. Kwa hiyo leo mtanivumilia.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, lile dogo jekundu la silinda tatu ambalo kila mtoto wa Ismani, huku kwetu Iringa, amewahi kulirukia kwa nyuma na kufukuzwa. Waingereza waliacha kuliunda mwaka 1975, na hili la baba mdogo linanizidi umri. Asubuhi linawaka bila kubembelezwa. Ukilifunga tela tupu, linakwenda mnadani linaimba. Lishushe plau sasa. Hatua hamsini, labda mia, sauti inaanza kuzama, linatetemeka, linazima. Mnakaa chini ya mti dakika kumi mkilaumiana, mnaliwasha tena, nalo linawaka kama si lenyewe lililowaaibisha.

Fundi akaitwa. Akaliwasha, akavuta resi mpaka mwisho, akainamisha kichwa kusikiliza, akazima. "Mzee, pampu hii ya dizeli imekufa." Basi. Tanki hakuligusa. Filta hakuifungua. Hakuuliza hata moshi ulikuwa wa rangi gani. Pampu ikang'olewa, ikatiwa kwenye mfuko wa salfeti, ikakatiwa nafasi kwenye basi kwenda kupimwa. Kule nako hakuna pampu iliyowahi kufika ikaambiwa rudi nyumbani, wewe ni mzima.

Ilirudi imefungwa vizuri, imepakwa na rangi juu. Plau likashushwa. Hatua hamsini, labda mia.

Ndugu zangu mafundi, nawaheshimu, mmetuvusha misimu mingi kwa waya na sabuni ya kipande. Ila hii tabia ya kuvuta resi trekta likiwa limesimama halafu mkatoa hukumu, acheni. Injini ya dizeli isiyo na mzigo inakunywa kidogo mno, hata ingepiga kelele kiasi gani. Gavana, kile kidhibiti cha dizeli kwenye pampu, na simsemi yule wa Benki Kuu, anaona hakuna kazi, anabana dizeli. Plau likiuma udongo mizunguko inashuka, na hapo ndipo anafungua na kuita dizeli nyingi, mara kadhaa ya ile ya mwanzo. Kama njiani kuna kitu kimeziba nusu, kale kadizeli kanakopenya kanatosha kabisa kuunguruma uani mbele ya kuku. Shambani hakatoshi. Ndiyo maana trekta linapona kila fundi anapokuja na kuugua kila anapoondoka. Linadai mzigo, nyinyi mnalipima likiwa limepumzika!

Na moshi. Injini iliyokosa hewa, labda eya klina, chujio la hewa, imejaa vumbi, ikibebeshwa mzigo inatoa moshi mweusi tii, maana dizeli ipo na hewa ya kuiunguzia haipo. Injini inayokosa dizeli inafifia kimya kimya, moshi hakuna wa maana. Nilimuuliza deiwaka anayeliendesha. "Moshi? Hamna, bro. Linalegea tu kama mtu mwenye njaa." Kijana hajawahi kukanyaga chuo, na jibu lote alikuwa nalo mdomoni. Hakuna aliyemuuliza.

Mimi si fundi. Elimu yangu yote ni ya kushika tochi na kutukanwa kwa kumulika pasipotakiwa. Jumamosi nilipanda gari kutoka Iringa mjini, nikafika, nikaanzia kwenye kifuniko cha tanki. Kuna katundu pale ka kuingiza hewa; kakizibwa na tope au na nyigu aliyejenga, tanki linajifunga pumzi na dizeli haishuki. Ukilegeza kifuniko na nguvu ikarudi, umeshapona, bure. Katundu kalikuwa safi. Nikafungua mpira unaoingia kwenye pampu ndogo, ile ya kikono, nikakinga ndoo. Dizeli ikatoka kwa nguvu, nikaanza kujiona mjinga. Ghafla ikapungua. Ikawa uzi. Ikawa machozi. Nikaweka mdomo kwenye mpira nikapuliza kurudisha nyuma, tankini pakasikika gubu-gubu-gubu, na dizeli ikaja tena kwa nguvu, kisha uzi, kisha machozi.

Tukakamua tanki lote. Nailoni ikatoka mwisho kabisa, imetulia. Kumbe likivuta sana inanyonywa mpaka mdomoni mwa tundu la kutolea na kuliziba. Likizimwa inaachia na kuelea zake. Dakika kumi chini ya mti, dawa imepatikana.

Ilitoka wapi? Nyote mnajua. Dumu likipoteza mpira wa kifuniko, tunaweka nailoni ndipo tunakaza. Dumu lile lile jana lilibeba ulanzi, leo linabeba dizeli kutoka sheli, na mmiminaji yuko mbio kwa sababu mawingu yamekaa vibaya. Siwalaumu sana. Ismani mvua haina adabu: inanyesha siku chache, inakukatia, na aliyepanda nyuma ya wenzake atavuna mabua. Imelimwa kwa trekta tangu miaka ya 1950, bado tunachuja dizeli kwa macho.

Haya, nakubali, pampu nazo hufa. Hizi pampu za kampuni ya CAV zikichakaa ndani, utaziona injini ikiwa ya moto: inazimwa saa sita mchana, haiwaki mpaka ipoe, au mpaka mtu amwagie pampu maji. Klachi pia inadanganya, lakini hapo injini haizimi, inapiga kelele na trekta linabaki nyuma. Na mkilipandisha trekta kutoka bondeni Usangu mpaka Uyole, juu kule Mbeya, msishangae likipungukiwa: hewa ya juu ni nyepesi, injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza nguvu kama asilimia 3 kila mita 300. Hayo yapo. Yaje baada ya tanki, mpira, filta na kutoa upepo ulioingia njia ya dizeli, kazi ya nusu saa na spana mbili.

Tulishusha plau saa tisa alasiri. Hatua mia, mia mbili, likafika mwisho wa shamba, likageuka. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye tuta, mikono nyuma, hasemi kitu. Nilipomwonyesha nailoni akaitazama muda mrefu.

"Lakini pampu sasa imeshapimwa," akasema. "Miaka kumi haitusumbui."

"Ndiyo, baba."

Kisha akanisogelea akanisihi nisimwambie mama mdogo. Sijamwambia. Nimeandika tu.