Nani Anachuja Habari, na Anachuja Lini?

Ukiuliza vyombo vya habari vipya vinatofautianaje na vya zamani, wengi watakujibu: kasi. Jibu hilo halitoshi. Redio inatangaza matukio mubashara tangu miaka ya 1920, na bado tunaihesabu upande wa zamani. Tofauti yenyewe iko kwenye chujio: linawekwa kabla habari haijatoka, au baada.

Gazetini habari hupita mikono kadhaa kabla ya kufika mtamboni. Mhariri wa dawati humuuliza mwandishi nani kasema na nani mwingine kathibitisha. Mhariri msanifu hunyoosha lugha na kupima kama kichwa cha habari kinalingana na kilichomo. Yenye harufu ya kesi hupelekwa kwa mwanasheria. Kila hatua hula muda, na mfumo huvunjikia hapo hapo kwenye muda. Novemba 3, 1948, Chicago Daily Tribune lilitoka na kichwa kilichotangaza kuwa mgombea Dewey kambwaga Rais Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Wapanga herufi walikuwa wamegoma, kurasa zikabidi zifungwe saa kadhaa mapema, na wahariri wakaegemea ubashiri. Truman akashinda, nakala zikiwa tayari mitaani.

Chujio hilo hilo huzuia pia kisichostahili kuzuiwa. Kurasa zina kikomo, na mmiliki au mtangazaji mkubwa wa biashara anajua njia ya kwenda kwa mhariri. Habari iliyotupwa kapuni haionekani popote, kwa hiyo hata kosa la kuitupa halionekani. Naliona hili kuwa deni kubwa kuliko makosa yote yaliyowahi kuchapishwa.

Mtandaoni mtu huchapisha kwanza, kuchuja kunafuata. Aliye kwenye tukio haombi kibali cha mtu, na mjuzi wa fani anaweza kumkosoa ndani ya dakika chache. Ila dakika chache zinatosha kuleta hasara. Aprili 23, 2013, wadukuzi waliingia kwenye akaunti ya Twitter ya shirika la habari la AP wakaandika kwamba milipuko imetokea Ikulu ya Marekani na Obama amejeruhiwa. Kipimo cha hisa cha Dow Jones kikaporomoka zaidi ya pointi 140, kisha kikarudi baada ya AP kukanusha. Ndani ya shirika hilo wahariri walikuwepo; ujumbe haukupita mezani kwao.

Na kukanusha kwenyewe kuna shida yake. Ukirekebisha chapisho saa sita, aliyelipiga picha ya skrini saa nne anaendelea kusambaza la saa nne. Algoriti, yaani programu inayoamua nini uonyeshwe kwanza, nayo hupandisha juu kinachoamsha hisia, na masahihisho kwa kawaida hayamwamshi mtu. Gazeti angalau huwapelekea masahihisho wasomaji wale wale, ingawa mara nyingi huyaficha pembeni kwa herufi ndogo.

WhatsApp walijaribu njia nyingine Aprili 2020: ujumbe uliokwisha kusambazwa mfululizo mara 5 au zaidi ukawekewa kikomo cha kupelekwa kwenye gumzo 1 kwa wakati mmoja. Kampuni ilisema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hapo hakuna aliyepima ukweli, kwa sababu ujumbe husafiri ukiwa umefungwa na hata kampuni haiusomi. Kilichopunguzwa ni mwendo, wa uongo na wa kweli kwa pamoja.

Liko jambo moja ambalo karatasi inaushinda mtandao waziwazi: haibadiliki kimyakimya. Ukurasa wa tovuti unaweza kufutwa aya usiku bila msomaji kujua. Tovuti makini huweka juu ya habari maelezo ya kilichorekebishwa, pamoja na tarehe na saa. Pasipo maelezo hayo, nakili anwani ya ukurasa, iweke kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za zamani za kurasa za mtandao, kisha linganisha nakala za siku tofauti. Kumbuka tu kwamba si kila ukurasa huhifadhiwa humo, na nakala za ukurasa mmoja zinaweza kupishana kwa wiki nzima.