Siku Niliyojilipa Sikukuu ya Karume

Najua wengi wenu mmeshaisikia habari hii kutoka kwa fundi wetu wa magari, ambaye anaeneza kwamba nililia mbele ya wafanyakazi. Sikulia. Tulikuwa chini ya banda la mabati hapa Njiro, Arusha, mvua ya masika ilikuwa inanyesha, na bati lililokuwa juu ya kichwa changu linavuja.

Mnaonifuata mnaijua kazi yangu: natayarisha mishahara ya watu 31 katika kampuni ya utalii, na Aprili ni mwezi wa mateso, kwani watalii ni wachache ilhali sikukuu zimejaa. Tarehe 7, Siku ya Karume, walioingia kazini walikuwa wanne tu, nao walistahili malipo maradufu ya siku hiyo. Niliandika 1 kwenye kisanduku cha sikukuu cha mlinzi, kisha, badala ya kuwatafuta wale wengine watatu, nikaiburuta ile 1 mpaka chini kabisa ya jedwali, ikajinakili kwenye kila jina, na mishahara ikaenda benki.

Niligundua kosa baada ya Mei Mosi. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, wengi walizidishiwa kati ya shilingi 20,000 na 40,000, lakini niliandika barua 26 kali, nikiitaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inamruhusu mwajiri kudai malipo yaliyozidi kwa kosa la kukokotoa. Walio wepesi wa hesabu miongoni mwenu mmeshaona tatizo la hizo barua 26. Mimi, ninayelipwa kwa kuhesabu, sikuliona.

Kwenye kikao, huku mkurugenzi akiwa ameketi pembeni, nilihutubia kuhusu uaminifu kwa muda ambao sasa nauona mrefu mno. Dada wa mapokezi ndiye aliyeanza kunitikisa. Alisema barua inamdai shilingi 24,000, lakini katika fedha hizo alishakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kilichobaki kikakatwa kodi ya asilimia 8, hivyo kilichomfikia ni shilingi 19,872. Aliuliza kwa upole kwa nini arudishe fedha ambayo hakuwahi kuishika. Sikuwa na jibu, nikasema hoja imepokelewa.

Ndipo mlinzi wetu, mzee ambaye humwamkia hata mkurugenzi mwenyewe kwa sauti ya chini, akasimama.

“Mwanangu mhasibu, naomba kuuliza. Na wewe ulikuwepo siku ile?”

Nilijibu kwamba suala langu halihusiani. Mzee hakubishana. Aliingiza mkono ndani ya koti la mvua, akatoa daftari la getini lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaufungua mfuko fundo moja baada ya jingine, akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kupekua ukurasa kwa ukurasa kuanzia Januari, ndugu zangu, Januari, na hakuna aliyekohoa. Alipofika tarehe 7 Aprili aliweka rula chini ya mstari na kusoma: mlinzi, mpishi, fundi, mtunza bustani. Akageuza ukurasa kuangalia nyuma, kana kwamba huenda nimejificha huko. Akasoma tena. Mkurugenzi akaomba orodha ya mishahara, nami nikampa kwa mkono wangu mwenyewe, na pale kwenye jina langu palikuwa na ile 1, ikiwa na kiasi kikubwa kuliko vyote vilivyozidi.

Ningeweza kusema nilifanyia kazi nyumbani, na nilikuwa nimeshafungua mdomo, ila dada wa mapokezi alishafungua simu. Picha niliyoiweka mwenyewe siku ile ilikuwa inanionyesha Marangu, chini ya migomba, nimeshika kibuyu cha mbege, na chini yake nimeandika: “Leo kazi hakuna.” Mimi Mchaga, ambaye kabila langu linataniwa kila siku kwa kupenda hela!

Mengine yalikwenda haraka. Yangu niliirudisha jioni ileile. Barua nilizifuta, nikaandika nyingine zenye kiasi halisi kilichomfikia kila mtu, wakasaini kukubali kukatwa kwa miezi miwili, na marekebisho ya kodi na NSSF bado nahangaika nayo.

Mzee naye ananisubiri getini kila asubuhi, daftari likiwa wazi na kalamu tayari, na hanifungulii mpaka niandike majina yangu yote matatu.