Rohmer na kesi ya maneno mengi

Katika filamu ya Kimarekani ya mwaka 1975, Night Moves, mpelelezi anayeigizwa na Gene Hackman anaalikwa kwenda kutazama filamu ya Éric Rohmer, mwongozaji wa Kifaransa. Anakataa: aliwahi kuona moja, ikawa kama kutazama rangi ikikauka. Rohmer alifariki mwaka 2010, utani huo bado umemganda.

Wanaolalamika hawasingizii. Katika vichekesho vyake vya mapenzi muziki ni haba, watu wanakaa mezani kujadili mioyo yao, na wengi ni Wafaransa weupe wenye nafasi ya kwenda likizo. Anayetaka busu chini ya mvua atasinzia.

Ila chukua filamu yake Pauline à la plage, iliyompatia tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 1983. Inafunguliwa kwa msemo wa Chrétien de Troyes, mshairi wa Kifaransa wa Zama za Kati, kwamba asemaye mno hujiharibia. Sisi husema mdomo huponza kichwa. Usiku wa kwanza kila mtu mzima anahubiri: Marion anataka mapenzi yamuunguze, Pierre anasifu uaminifu, Henri hataki kufungwa. Siku chache baadaye Henri yuko chumbani na muuza peremende wa ufukweni, na Marion, mpenzi wake, huyo anakuja. Henri anamsukumia yule dada bafuni pamoja na kijana Sylvain, ionekane hao wawili ndio walikuwa na mambo yao. Hapigwi mtu, gari halikimbizwi. Ni uongo tu, unapita mdomo hadi mdomo mpaka unamfikia Pauline, binti aliyempenda Sylvain. Mtu akiniambia hapo hakuna kinachotokea, namuuliza kama amewahi kukaa barazani.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo wanaomcheka hawaligusi. Mazungumzo hayahitaji kreni wala umati wa kukodi. Filamu yake nyingine, Le Rayon vert, ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, na kikundi kidogo mno, huku mwigizaji Marie Rivière na wenzake wakijitungia sehemu kubwa ya maneno papo hapo. Ikaonyeshwa kwanza kwenye televisheni ya Canal+, na mwaka huohuo wa 1986 ikabeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Mwongozaji asiyedaiwa mamilioni hapangiwi mwisho wa hadithi. Rohmer alitoa filamu yake ya mwisho mwaka 2007, akiwa na miaka 87. Wangapi waliopewa bajeti nono walidumu hivyo?

Lipo jambo moja nisiloweza kumtetea kwa moyo mweupe: Henri, mtu mzima, anambusu mguu Pauline wa miaka 15 akiwa usingizini. Pauline anampiga teke. Kamera inalichukulia tukio hilo kwa wepesi kuliko ambavyo ningependa.

Hata hivyo binti huyo ndiye pekee asiyehubiri. Mwishoni yeye na Marion wako garini, langoni, wanaondoka. Marion anapendekeza kila mmoja aamini kwamba mwanamume wake, Henri kwa Marion na Sylvain kwa Pauline, hakuwa na hatia, ili wote wawe na amani. Pauline, anayeujua ukweli wote, anajibu kwamba amekubali kabisa.